Difenda ya polisi ya kuunda mezani: 1/24, 1/35, au uijenge kwa mkono?

Anayetaka kuunda gari dogo la polisi mara nyingi huanza kwa kuuliza seti ipi (boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha) ina injini nzuri, milango ipi inafunguka na springi zipi zimechongwa vizuri. Ni maswali ya haki, ila kwa gari la polisi yanakuja nyuma. Weka mezani Land Rover mbili za plastiki, moja ya shambani na moja ya kituoni: kinachozitenganisha ni rangi, maandishi ya ubavuni, kimulimuli juu ya kabini, wavu wa madirisha na benchi la askari. Katika seti nyingi zinazouzwa, vitu hivyo havimo. Utavitengeneza wewe. Ndiyo maana nazilinganisha njia hizi, yaani seti ya 1/24 (gari dogo mara 24 kuliko la kweli), seti ya 1/35, bodi ya kuchapishwa na kujenga kwa mkono, kwa kigezo kimoja kikubwa: ipi inakupa nafasi ya kuvitengeneza vionekane?

Gari nililochagua ni difenda, ile pikapu ya polisi yenye benchi nyuma. Karandinga, lile lori la kubebea mahabusu, nitaligusa pia, kwa sababu kwa mtu anayejenga kwa mkono lina faida yake.

Kwanza amua ni gari lipi hasa

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mwaka 1983 ikaja mrithi wake, One Ten, ambayo ilianza kuitwa Defender mwaka 1990, na uzalishaji wa muundo huo ukakoma Januari 2016. Kwa macho, kuzitofautisha ni rahisi. Series III ina kioo cha mbele cha vipande viwili vyenye nguzo katikati, grili yake imezama ndani kati ya madigadi, na mlango umegawanyika: nusu ya juu yenye vioo vya kusukuma inang'oka. Defender ina kioo kimoja kipana, grili imesogea mbele hadi usawa wa taa, na juu ya kila tairi kuna ukingo wa plastiki. Ukichungulia chini, Series imekaa juu ya springi za mabapa, Defender juu ya koili.

Jambo hili lisipuuzwe. Ukinunua Series III ilhali picha unayoifuata ni ya Defender, utalazimika kubadilisha uso mzima wa gari, milango na mfumo wa chini. Hapo ni afadhali ungejenga upya.

Magari mengi yanayoitwa difenda siku hizi ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza 1984. Kama hilo ndilo unalolitaka, soma moja kwa moja sehemu ya bodi za kuchapishwa hapo chini, kwa sababu seti za plastiki za pikapu hiyo ni adimu.

Angalia pia upande wa usukani. Difenda ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ina usukani kulia. Ya Bujumbura, Kigali au Goma, kushoto. Kabla hujalipa, tazama picha za vipande vya seti uone kama dashibodi unayoihitaji imo. Na kuhusu picha za kufuatisha, tumia zilizochapishwa kwenye magazeti na taarifa za habari. Usisimame nje ya kituo cha polisi ukapiga picha magari bila ruhusa. Ukihitaji kuliona gari kwa karibu, ingia ndani, jitambulishe, uombe. Ukienda na modeli uliyokwisha kuiunda mkononi, maelezo yako yataeleweka haraka.

1/24 dhidi ya 1/35

Series III ndefu ina urefu wa takriban mita 4.45. Kwa kipimo cha 1/24 inakuwa milimita 185, kwa 1/35 inakuwa 127. Tofauti hiyo ya sentimita sita hivi ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kwa 1/24 kuna Revell na Italeri, na zote mbili zimetoa Land Rover ndefu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma). Ya Revell ni Series III ya muundo wa karibuni, vipande vyake vinakaa vizuri bila kupigiwa msasa sana, na ndani kuna viti, dashibodi na injini. Ya Italeri ni ya muundo wa zamani zaidi na inataka subira kwenye maungio, lakini ni gari zuri kwa mtu ambaye tayari amezoea kujaza nyufa na kupiga msasa.

Kwa 1/35 uwanja ni wa kijeshi. Tamiya ina ile Land Rover ya SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, inayoitwa Pink Panther pamoja na Land Rover ya wagonjwa. Hizi ni seti za siku nyingi, rahisi kuunganisha. Hobby Boss ina Defender 110 ya paa gumu, na hii kwa maoni yangu ndiyo sababu pekee yenye nguvu ya kuchagua 1/35: kama gari lako lazima liwe Defender wala si Series, hapa utaipata kwenye boksi. Meng nayo ina pikapu ya Kijapani ya 1/35, iliyokusudiwa kubeba silaha, lakini ukiacha silaha pembeni unabaki na pikapu nzuri ya kuvalishwa sare ya polisi. Faida nyingine ya 1/35 ni watu. Askari wa plastiki wa kipimo hicho ni wengi kuliko wa 1/24, na difenda isiyo na askari nyuma inaonekana imeegeshwa tu.

Sasa rudi kwenye maandishi. Chukua neno POLISI lililoandikwa ubavuni kwa herufi za sentimita 15. Kwa 1/24 herufi inakuwa na kimo cha milimita 6 na kidogo. Kwa 1/35 inakuwa milimita 4.3. Ukitoka nje ya seti kabisa ukachukua gari la chuma lililokwisha kuundwa la 1/43, kama Land Rover za Oxford, herufi inashuka hadi milimita 3.5. Herufi ya milimita 6 unaweza kuikata, kuibandika na kuibandua. Ya milimita 4 inawezekana, lakini kila kosa linaonekana. Ya 3.5 inabidi ichapishwe.

Kwa hiyo, kwa mtu anayeunda gari lake la kwanza la polisi na ambaye Series III inamtosha, chaguo langu ni 1/24, bila kusita. Kazi ya ziada ni moja: seti nyingi za 1/24 ni za bodi iliyofungwa, kwa hiyo utakata sehemu ya nyuma, uache kabini na paa lake fupi, kisha uzibe mgongo wa kabini kwa karatasi ya plastiki ya milimita moja. Kata kwa msumeno mwembamba, si kwa kisu cha moto. Plastiki ya seti hizi ni polistirini, na moto unaipinda kabla haujaikata.

Bodi ya kuchapishwa, na karandinga la mkono

Bodi za 3D zimefungua mlango ambao zamani haukuwepo. Land Cruiser ya pikapu inapatikana kama faili au kama bodi iliyochapishwa tayari kwa resini, kwa kipimo unachotaka. Uzuri wake ni kwamba unapata gari halisi la barabarani kwetu. Ubaya wake uko kwenye kazi ya uso: mistari ya tabaka inabaki kwenye boneti na paa, na rangi ya buluu iliyokolea haifichi mstari hata mmoja. Piga msasa kwa maji, kuanzia namba 400 hadi 1000, ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu vumbi la resini halifai kuvutwa. Gundi ya plastiki haishiki resini. Tumia supa gluu. Na kabla ya rangi osha bodi kwa sabuni, la sivyo rangi itabanduka yenyewe.

Kujenga kwa mkono kuanzia mwanzo ni njia ngumu kwa difenda, kwa kuwa ukingo wa digadi na kona za paa zinahitaji mviringo. Kwa karandinga mambo yanageuka. Nyuma ya karandinga ni sanduku: kuta nne bapa, paa, mlango wa nyuma, vidirisha vyenye wavu. Ukipata kabini na chasi kutoka lori lolote la 1/35 au 1/24, lililobaki ni rula, wembe na karatasi za plastiki. Plastiki yenyewe huhitaji kuiagiza yote kutoka ng'ambo. Vikombe vingi vya mtindi ni polistirini. Tafuta namba 6 ndani ya pembetatu chini ya kikombe. Vinashikwa na gundi ileile ya seti, na vinatosha kwa vipande vidogo kama bawaba, vizuizi vya matope na fremu za madirisha.

Mwenye kipato kidogo na mkono mtulivu, karandinga la namna hii litampa furaha kubwa kuliko seti ya bei. Mwenye haraka aliache.

Rangi: kopo, brashi au eabrashi?

Hapa jiografia inasema kabla ya ladha. Makopo ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye vifurushi vya posta vinavyosafirishwa kwa ndege, na thina nazo zina masharti. Usiagize seti ukidhani kopo la Tamiya TS la buluu litakuja kwenye boksi lilelile. Rangi itafute kwanza, seti baadaye.

Kopo la kupuliza linalotengenezwa kwa ajili ya modeli linatoa uso laini kuliko brashi, na kwa bodi ya milimita 185 kopo moja linatosha na kubaki. Ukikosa hilo, maduka ya rangi za magari yanaweza kukuchanganyia buluu yoyote, hata ileile waliyopakia difenda halisi. Tatizo ni thina yao: ni kali, na inalamba polistirini. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Kama uso unalainika au unatoa vinyweleo, pitisha kwanza praima ya modeli, iache ikauke kabisa, kisha puliza rangi ya gari kwa mikupuo myepesi sana, mikavu kiasi, badala ya mmoja mzito.

Brashi ya mkono na akriliki za maji kama Vallejo ni chaguo jema kwa ndani ya kabini, matairi, benchi na askari. Kwa ubavu mpana wa buluu iliyokolea sizipendekezi, michirizi itaonekana. Enameli za Humbrol zinajitandaza vizuri zaidi chini ya brashi kwa sababu hukauka polepole, na kama huna njia yoyote ya kupuliza, hizo ndizo za kupakia bodi. Zingatia mpangilio tu: enameli ikishatangulia, usipulize juu yake rangi ya thina kali, itakunjamana.

Eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia inayoendeshwa na kompresa, ndiyo bora kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote. Ukinunua, nunua kwa nia ya kuunda magari mengi. Sindano ya milimita 0.3 na mgandamizo wa psi 15 hadi 20 vinafaa kwa kazi yote ya difenda. Kinachoifanya ipendeze hasa ni kwamba unaweza kuongeza tone la nyeupe kwenye buluu na kupuliza katikati ya paneli, ili gari dogo lisionekane jeusi. Buluu ya polisi kwenye kitu kidogo hukolea machoni kuliko ilivyo barabarani.

Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa au Unguja: unyevu wa pwani huifanya rangi ya thina kupata ukungu mweupe. Puliza mchana jua likiwa limekausha hewa, usipulize baada ya mvua wala usiku. Walio Arusha au Nairobi hawana shida hiyo kwa kiasi hicho, ila vumbi ni lao. Funika modeli kwa boksi mara tu unapomaliza.

Maandishi: stika ya maji au kukinga kwa herufi?

Hii ndiyo sehemu inayonifanya nipende magari ya polisi kuliko ya aina nyingine, na ndipo wengi huharibu. Kanuni ya kuchagua ni fupi. Kama gari lako ni jeupe na maandishi ni ya buluu, chapisha kwenye karatasi angavu ya stika za maji (stika zinazoloweshwa kisha kutelezeshwa juu ya modeli). Kama gari ni la buluu na maandishi ni meupe, usichapishe. Printa za kawaida hazina wino mweupe, na ukitumia karatasi nyeupe ukachapisha buluu kuzunguka herufi, buluu hiyo haitalingana kamwe na ya bodi.

Kwa maandishi meupe, anza kinyume. Pakia ubavu mzima nyeupe, uache ukauke siku nzima. Nenda kwa wale wanaokata stika za daladala au matatu kwa mashine. Waombe wakukatie neno lako kwa vinaili nyembamba, herufi za milimita 6, mara sita au nane ili uwe na akiba. Bandika herufi zenyewe juu ya nyeupe kwa kibano, ukifuata mstari wa penseli. Ng'oa matundu madogo ya P na O. Puliza nyeupe tena, mkupuo mwepesi, ili izibe ukingo wa kila herufi. Bila hatua hii buluu itapenya chini. Kisha buluu, mikupuo mitatu. Rangi ikiwa bado haijakakamaa, inua herufi moja moja kwa ncha ya wembe. Zitabaki herufi nyeupe zilizonyooka, zisizo na kivuli cha filamu ya stika kuzizunguka.

Chini ya milimita 5 mashine hizo huanza kuinua vinaili wakati wa kukata, na hapo ndipo 1/35 inapokugharimu. Herufi za 4.3 utazikata mwenyewe. L na I mbili hazina taabu. P, O na S zikate kwa pembe zilizopunguzwa badala ya mviringo, kama herufi za bapa zilivyo kwenye magari mengi ya kazi.

Namba ya gari haipaswi kubuniwa kiholela: magari ya Polisi Tanzania yana namba zinazoanza na PT, ya serikali ya Kenya na GK. Chagua tarakimu zisizotoka kwenye gari halisi ulilopiga picha.

Wavu, kimulimuli na benchi

Kwa wavu wa madirisha nina nyenzo mbili za kulinganisha, zote ziko nyumbani. Wavu wa mbu wa dirishani kwa kawaida una matundu 18 kwa 16 kwenye kila inchi, yaani nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Kwa 1/35 hiyo ni sawa na tundu la sentimita tano, kipimo cha kuaminika kabisa. Lakini uzi wake ni mnene, kama robo milimita, ambao kwa 1/35 unakuwa waya wa karibu sentimita moja. Unafanana na nondo. Chandarua chenye matundu 156 kwa inchi ya mraba kina nafasi ya milimita mbili, na kwa 1/24 tundu linakuwa karibu sentimita tano vilevile, huku uzi ukiwa mwembamba kama inavyotakiwa. Vyandarua vingi vina matundu ya pembe sita, kwa hiyo tafuta kipande cha zamani chenye matundu ya mraba. Kitandaze juu ya fremu, kipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, kiache kikakamae, ndipo ukate. Kwa mara nyingine 1/24 inashinda.

Kimulimuli cha upana wa mita 1.2 ni milimita 50 kwa 1/24. Kikate kutoka fremu ya vipande vya kioo vya seti, bandika karatasi ya fedha ya sigara chini yake, kisha paka buluu angavu ya Tamiya X-23. Benchi litoke kwenye vijiti vya aiskrimu: unene wao wa milimita mbili ni ubao wa sentimita tano kwa 1/24, bila kuchonga.

Vumbi ndiyo, kutu hapana

Bodi ya Land Rover, Series na Defender zote, kwa sehemu kubwa ni ya aloi ya alumini. Madigadi na ubavu havioti kutu nyekundu. Ukipaka kutu pale rangi ilipochubuka, mtu anayeyajua magari haya ataona mara moja. Panapochubuka paka kijivu cha chuma cheupe. Kutu iweke kwenye chasi, bampa na fremu ya turubai. Kwa Land Cruiser ni tofauti, bodi ni ya chuma, na kutu chini ya milango ni haki yake.

Uchakavu wa difenda una mahali pake: kanyagio la nyuma, ambako buti hupanda na kushuka kutwa, na bomba la kushikia, ambako viganja vimeing'arisha rangi. Sugua sehemu hizo mbili kwa penseli laini. Vumbi jekundu litoke kwenye chaki ya rangi iliyosagwa, lipakwe kwa brashi kavu kuanzia matairi hadi nusu ya mlango. Udongo halisi punje zake ni kubwa mno hata ukiuchekecha.

Vanishi ya mwisho iwe ya mng'ao wa kati. Magari ya kituoni huoshwa mara kwa mara, kwa hiyo bodi iliyofifia kabisa si ya kweli, na ile inayong'aa kama gari la harusi si ya kweli pia. Vioo vibandike mwisho kabisa, baada ya vanishi, kwa gundi nyeupe, kwa sababu supa gluu huacha ukungu kwenye plastiki angavu na ukungu huo hautoki kwa urahisi.